Bata Wanaoachwa Waruke: Uwindaji wa Haki na Mafundo Yake

Mtu aliyekulia mahali ambapo ndege hunaswa kwa ulimbo au kitanzi, akachinjwa, akapikwa na habari yake ikaishia hapo, hatamwelewa mara moja mwindaji wa bata wa Marekani. Huyu ameamka saa tisa usiku, ameendesha gari mwendo mrefu gizani, na tangu kabla ya alfajiri amesimama katika maji ya baridi yanayomfika mapajani. Bata wanne wanatua juu ya maji hatua ishirini tu mbele yake, naye badala ya kufyatua anapiga makofi na kupaza sauti ili waruke, ndipo ainue bunduki. Wakimponyoka wote wanne, atarudi nyumbani mikono mitupu na wala hatajiona mjinga. Kwa hesabu za jikoni huo ni upuuzi mtupu. Kwa hesabu zake yeye, kumpiga bata aliyetulia majini ni aibu, ingawa hakuna sheria ya taifa lake inayomkataza kufanya hivyo.

Kanuni hiyo, pamoja na nyingine nyingi zilizoandikwa na zisizoandikwa, hukusanywa chini ya jina moja ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita uwindaji wa haki. Jina hilo husikika kama jambo lililo wazi, mpaka mtu aulize ni haki ya nani, na inapimwaje, ilhali upande mmoja una bunduki na upande wa pili haujui hata kwamba kuna shindano.

Asili ya wazo lenyewe inajulikana. Mwaka 1887 Theodore Roosevelt, aliyekuja baadaye kuwa rais wa Marekani, akiwa na George Bird Grinnell na wenzao wachache wenye nafasi zao, alianzisha chama cha wawindaji kiitwacho Boone and Crockett Club, wakati ambapo nyati wa nyika za magharibi walikuwa wamekaribia kwisha kabisa. Chama hicho kilishikilia kwamba mwindaji muungwana humfuata mnyama wa porini aliye huru, kwa njia iliyo halali, bila kujipatia juu yake faida isiyostahili. Waliokusudiwa walikuwa wanyama wakubwa, dubu na kulungu wa mapembe, lakini wawindaji wa ndege nao waliliazima wazo hilo, na hapo ndipo ugumu ulipoingia. Dubu hufuatwa, bata huitwa. Uwindaji wa bata tangu mwanzo hadi mwisho ni hila. Mwindaji hutandaza bata wa bandia dazeni mbili au tatu juu ya maji, huvaa nguo zenye rangi ya matete, hupuliza filimbi inayoiga sauti ya bata jike aliyeshiba na kuridhika, kisha hungoja. Ikiwa haki maana yake ni usawa kati ya mwindaji na windo, basi tangu bunduki zivumbuliwe hakuna bata hata mmoja aliyeuawa kwa haki, na mjadala ungeweza kufungwa hapo.

Lakini haki inayozungumzwa si usawa. Kwa jinsi ninavyoielewa, ndani ya neno hilo moja yamefungwa maswali matatu ambayo hayana udugu wa lazima. Lipo swali la idadi, yaani kama ndege watakaobaki watatosha kuzaliana. Lipo swali la mateso, yaani kama anayepigwa atakufa papo hapo au ataogelea na bawa lililovunjika hadi mbweha ampate. Na lipo swali la nafasi, yaani kama ndege alibakiwa na uwezo wa kugundua hila na kwenda zake. Wawindaji huyataja yote matatu kwa jina lile lile, na mabishano yao mengi hutokana na mmoja kujibu swali ambalo mwenzake hakuliuliza.

Sheria iliyozaliwa na upungufu

Katika karne ya 19, bata wa Ghuba ya Chesapeake, mashariki mwa Marekani, walikuwa bidhaa kama ngano. Aliyetafutwa kuliko wote alikuwa bata mmoja wa kichwa chekundu cha udongo na mgongo mweupe kama turubai, ambaye nyama yake ilisifiwa kwa sababu ya mimea ya majini aliyokula humo ghubani, na hoteli za Baltimore, Philadelphia na New York zilimnunua kwa bei nzuri. Waliowinda kwa ajili ya soko hawakuwa na haja ya kulenga ndege mmoja mmoja. Walikuwa na bunduki ndefu kuliko mtu, ambazo mdomo wake ungeweza kufika upana wa sentimita tano, zikalazwa juu ya mtumbwi mwembamba. Usiku, makundi yakiwa yamelala juu ya maji, mwindaji alijilaza kifudifudi, akausogeza mtumbwi polepole hadi karibu, akafyatua mara moja, na mlio huo mmoja uliweza kuua ndege hamsini na zaidi. Wengine walijilaza ndani ya sanduku lililozamishwa hadi ukingo wake ukawa sawa na uso wa maji, wamezungukwa na mamia ya bata wa bandia, wasionekane kabisa mpaka ndege wawe juu ya vichwa vyao.

Dawa ilikuja polepole. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilizuia kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine windo lililopatikana kinyume cha sheria. Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba wa kulinda ndege wanaohama pamoja na Uingereza, iliyosimama kwa niaba ya Kanada, na sheria ya mwaka 1918 ya kuutekeleza mkataba huo ikakomesha biashara ya nyama ya bata wa porini. Jimbo la Missouri lilikwenda mahakamani kudai kwamba ndege waliomo ndani ya mipaka yake ni wake. Mwaka 1920 Mahakama ya Juu ililikatalia, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaeleza kwamba ndege hao wamo jimboni kwa kupita tu, wala hawana makazi ya kudumu humo. Hoja hiyo naiona kuwa msingi wa maadili yote yaliyofuata. Bata anayepigwa Louisiana, kusini mwa Marekani, mwezi Januari huenda alianguliwa Saskatchewan, Kanada, mwezi Juni, na mkulima aliyemwachia bwawa la kutagia hatamwona tena.

Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930. Mabwawa madogo ya nyika za Kanada na majimbo ya Dakota, ambako sehemu kubwa ya bata wa bara lile huzaliwa, yalikauka. Mwaka 1934 ilianzishwa stempu ambayo kila mwindaji wa bata aliyetimiza umri wa miaka 16 sharti ainunue; ya kwanza iliuzwa dola 1, na picha yake ilichorwa na Jay Norwood Darling, mchora vikatuni wa magazeti aliyekuwa amepewa uongozi wa idara iliyosimamia wanyamapori. Mwaka uliofuata, 1935, vikapigwa marufuku vitu vitatu kwa mpigo: masanduku ya kuzamishwa, chambo cha nafaka, na bata hai wa kuvutia wenzao.

Hao bata hai wanastahili maelezo kidogo. Mwindaji alifuga bata majike waliotokana na wale wa porini, akawafunga mguu kwa kamba fupi yenye uzito mwishoni, akawaweka majini mbele ya maficho yake. Kundi la porini lilipopita juu, majike hao waliita, si kwa kufundishwa bali kwa sababu bata huita bata. Hakuna filimbi iliyoweza kuwashinda. Walipigwa marufuku kwa sababu walifanya kazi vizuri mno, na huo ndio mfano safi wa jinsi swali la idadi linavyoweza kuvaa nguo za swali la nafasi: mwaka 1930 mtu aliyewatumia alikuwa mwindaji hodari mwenye ndege waliofugwa vyema, na mwaka 1936 alikuwa mhalifu, bila bata wa porini kuwa amebadilika kwa lolote.

Kanuni ya risasi tatu nayo ni ya ukoo huo huo. Bunduki nyingi za marisau zinaweza kubeba tano au zaidi, lakini kwa bata mtu haruhusiwi kuwa na bunduki inayoweza kubeba zaidi ya tatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ndani ya bomba lake huingizwa kijiti cha mbao au plastiki cha kuziba nafasi iliyobaki. Ukikishika mkononi, kijiti hicho hakina uzito wala thamani, na askari wa wanyamapori anapomkagua mwindaji majini, jambo mojawapo analolifanya ni kusukuma risasi ya nne na kuona kama itaingia.

Mahindi yaliyosimama na mahindi yaliyolazwa

Chambo ndicho kilichozaa mabishano marefu kuliko yote. Kanuni kwa maneno ni rahisi: mtu asiwinde bata mahali palipomwagwa nafaka ili kuwavuta, na mahali hapo huhesabiwa kuwa pana chambo kwa siku 10 tangu nafaka ya mwisho ilipoondolewa, kwa kuwa ndege walioizoea njia huendelea kurudi hata baada ya chakula kwisha. Sababu yake si ngumu kuiona. Wakati wa baridi kali bata hahitaji kushawishiwa. Anahitaji kula ili asife, na mtu anayeitumia njaa hiyo amemwondolea uchaguzi. Filimbi hudanganya, na bata mzee aliyekwisha kudanganywa mara moja huigundua. Njaa haimwachi mzee wala kijana.

Kwa miaka mingi, katika sehemu kubwa ya nchi, mwindaji aliyekutwa juu ya chambo alipatikana na hatia hata kama hakujua kuwa kipo. Mageuzi ya mwaka 1998 yalibadili hilo, na sasa ni lazima iwe kwamba alijua au alipaswa kujua. Mabadiliko hayo yalikuwa ya lazima, kwani mgeni aliyealikwa shambani kwa mtu hawezi kupiga mbizi kukagua matope kabla ya mapambazuko. Lakini fundo lenyewe liko kwingine. Mmiliki wa ardhi anaruhusiwa kupanda mahindi, asiyavune, ayaache yamesimama, kisha afungulie maji shamba zima lifurike, na bata waje kwa maelfu kula mahindi yanayoning'inia juu ya maji. Kuwinda hapo ni halali. Akiyafyeka mahindi hayo hayo, punje zikaanguka majini, kuwinda bata hapo ni kosa. Na akiyafyeka bila kufurisha maji, njiwa wanaweza kuwindwa juu yake bila tatizo, bata wasiweze.

Mantiki ya sheria ni kwamba mazao yaliyosimama ni hali ya kawaida ya shamba, na ndege wa porini daima wamefuata mashamba. Hata hivyo mtu akisimama ukingoni mwa shamba kama hilo, ambalo tangu kupandwa halikukusudiwa mlaji mwingine ila bata, atapata taabu kusema tofauti iko wapi kwa upande wa ndege. Wawindaji wa kawaida, wanaotegemea ardhi ya umma, hulalamika kwamba matajiri wamejinunulia ndege wote. Mimi naona lalamiko hilo lina ukweli, ila halihusu haki ya bata. Linahusu haki kati ya mwindaji na mwindaji, ambayo ni swali la nne lililojipenyeza kimya kimya na ambalo, tukisema kweli, ndilo linalowakasirisha watu zaidi.

Mabawa ya mota

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulienea bata wa bandia wenye mabawa yanayozungushwa na mota ndogo ya betri. Upande mmoja wa bawa ni mweupe na mwingine mweusi, na likizunguka hutoa mmweko unaofanana na wa bata anayepunguza mwendo ili atue. Kutoka mbali sana angani, ndege huona kwamba wenzao wanashuka pale. Majimbo kadhaa, miongoni mwao Arkansas, Washington, Oregon na Pennsylvania, yaliwahi kuyapiga marufuku, na California ikayakataza katika sehemu ya mwanzo ya msimu, wakati bata wachanga wasio na uzoefu ni wengi. Baadaye baadhi yao yalilegeza. Sheria ya taifa haikuyagusa.

Sasa tazama mkanganyiko. Sheria hiyo hiyo ya taifa inakataza kabisa sauti za bata zilizorekodiwa au kukuzwa kwa umeme. Jicho la bata linaruhusiwa kudanganywa kwa betri, sikio lake haliruhusiwi. Wawindaji wengine hujaribu kutetea tofauti hiyo kwa kusema kwamba kupuliza filimbi ni ufundi wa kujifunza kwa miaka, na ni kweli: katika mji wa Stuttgart, Arkansas, mashindano ya ubingwa wa kuita bata yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1936, na anayesikiliza kwa makini atatambua milio ya kusalimu, ya kusihi na ya kula. Ila hoja hiyo inamhusu mwindaji na fahari yake. Bata haimsaidii chochote kujua kwamba aliyemwita alifanya mazoezi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba mizani hii hushikwa na idadi umo katika kisa cha bata bukini weupe. Hao waliongezeka mno, kwa sehemu kwa sababu mashamba ya kusini yaliwalisha vizuri wakati wa baridi, hata wakaanza kung'oa na kuharibu uoto wa tundra, nyika ya baridi isiyo na miti, kando ya Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Kanada, wanakozaliana. Mwaka 1999 Marekani iliruhusu, kwa ndege hao peke yao na nje ya msimu wa kawaida, sauti za umeme, bunduki zisizo na kijiti, na idadi isiyo na kikomo. Yaliyokuwa uhuni kwa bata yakawa huduma ya uhifadhi kwa bata bukini, mara nyingi katika shamba lile lile na mikononi mwa mtu yule yule. Sisemi kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya. Ninachosema ni kwamba baada yake haiwezekani tena kudai kwamba kila kanuni ya uwindaji wa haki inatokana na heshima kwa ndege.

Mita thelathini na tano

Swali la mateso lina sura tofauti, kwa sababu halina msamaha wa idadi. Bata mmoja aliyejeruhiwa ni mmoja hata kama wapo milioni.

Bunduki ya marisau hairushi kitu kimoja bali punje nyingi zinazotawanyika kadiri zinavyokwenda mbali. Karibu, kundi la punje ni zito na ndege hupigwa na kadhaa kwa wakati mmoja. Mbali, mapengo huwa makubwa, na ndege anaweza kupita katikati akiwa na punje moja tumboni. Mpaka unaotajwa na wengi ni kati ya mita thelathini na arobaini. Anayefyatua juu ya hapo, akitumaini bahati, ana jina lake la dharau kila mahali bata wanapowindwa, na anastahili. Kwa miaka mingi wasimamizi wamekadiria kwamba katika kila bata watano waliopigwa, mmoja hivi haokotwi. Ndiyo maana sheria humtaka mwindaji afanye juhudi ya kweli kumtafuta ndege aliyemwangusha, na ndiyo maana mbwa wa kuokotea, ambaye mgeni humwona kama pambo, ni kifaa cha maadili kuliko kingine chochote katika mtumbwi. Msomaji Mwislamu atatambua hapa kitu anachokijua tangu utotoni: windo lililofikiwa likiwa bado lina uhai haliachwi lijifie lenyewe, bali huwahiwa likachinjwa.

Turudi basi kwa wale bata wanne waliotua majini. Kanuni ya kutowapiga wakiwa wametulia inatokana na swali la nafasi: ndege arukaye ana uwezo wa kukosewa. Je, swali la mateso linasemaje? Bata aliye juu ya maji ana mabawa yaliyokunjwa yanayomkinga ubavuni, sehemu ya mwili wake imezama, na kinachobaki wazi ni kichwa na shingo. Punje zikigonga maji huruka upande usiojulikana, ambako huenda kuna mbwa au mtu, na wenzake walio nyuma yake hujeruhiwa bila kukusudiwa. Hadi hapo maswali mawili yanakubaliana. Lakini kwa mlengaji dhaifu, bata mmoja aliye peke yake hatua ishirini mbele, akiwa ametulia, huenda akafa kwa usafi zaidi kuliko yule atakayefyatuliwa akiruka kwa kasi. Kanuni ya kiungwana inamwambia mlengaji huyo amwache aruke, kisha pengine amvunje bawa. Katika hali hiyo nafasi na mateso vimeachana njia, na mtu hana budi kuchagua. Jibu la waadilifu niliowasikia ni la tatu: asiyeweza kumpiga arukaye arudi kwanza kwenye uwanja wa mazoezi. Wote, hata hivyo, wanakubaliana kwamba bata aliyekwisha kujeruhiwa na kuangukia majini ni lazima apigwe tena hapo hapo, bila kujali ametulia au la.

Liko pia suala la madini yenyewe. Lugha yetu imelibeba ndani ya neno moja, maana risasi ni jina la madini na pia jina la kinachotoka kwenye bunduki. Bata humeza changarawe ili firigisi lake lipate kusaga chakula, na chini ya mabwawa yaliyowindwa kwa miongo mingi, punje za risasi zilikuwa zimejaa kati ya changarawe hizo. Zikisagwa humo pamoja na asidi ya tumbo huyeyuka na kuingia katika damu. Ndege hudhoofika, mabawa yakalegea, akafa matetani bila mtu kumwona, au akaliwa na tai naye akapata sumu. Mwaka 1959 mtafiti Frank Bellrose wa Illinois alikadiria kwamba sumu hiyo iliua asilimia 2 hadi 3 ya bata na ndege wa jamii yao Amerika Kaskazini kila mwaka. Hawa hakuna aliyewalenga. Marisau ya risasi yalipigwa marufuku kwa bata nchini Marekani kote kuanzia msimu wa 1991, na utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba katika mwaka 1997 pekee bata milioni 1.4 waliepuka kufa kwa sumu. Wawindaji wengi walipinga, wakisema chuma ni chepesi kuliko risasi, hupoteza kasi mapema na hivyo kujeruhi zaidi. Hoja ya wepesi ni sahihi. Kilichofuata kutoka humo ni kwamba umbali wa kiungwana ulifupika, na aliyekataa kuufupisha ndiye aliyejeruhi.

Jambo hili ndilo linaloufikisha mjadala mpaka kwetu. Mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, uliotokana na mkutano wa The Hague mwaka 1995 na ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, ulizitaka nchi zijitahidi kuachana na marisau ya risasi katika ardhioevu kufikia mwaka 2000. Umoja wa Ulaya ulianza kuyakataza katika ardhioevu zake zote mwaka 2023. Bata wanaoshinda kaskazi katika maziwa ya Bonde la Ufa wakitokea Ulaya na Siberia hupita juu ya mabwawa hayo kila msimu.

Anayewinda ili ale

Nimesema kwamba waanzilishi wa wazo hili walikuwa watu wenye nafasi, na hilo si la kupita juu juu. Mkataba wa mwaka 1916 ulifunga uwindaji wa ndege kama bata kuanzia Machi 10 hadi Septemba 1, ili wazaliane kwa amani. Kwa mtu wa Maryland hiyo ilikuwa kanuni nzuri. Kwa Wainupiati, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Alaska, ilikuwa amri ya njaa, kwa kuwa bata hufika kwao wakati wa kuchipua na huondoka kabla baridi haijarudi. Msimu uliofungwa ndio msimu pekee walionao ndege. Mwaka 1961, katika mji wa Barrow, ambao leo unaitwa Utqiaġvik, wawindaji wawili walikamatwa kwa kupiga bata wakati uliokatazwa. Siku chache baadaye watu 138 walijitokeza mbele ya afisa wa serikali, kila mmoja na bata wake, wakitaka wakamatwe pia. Serikali haikuwa na mahali pa kuuweka mji mzima. Mashtaka yaliachwa, ingawa mkataba wenyewe ulirekebishwa katika miaka ya 1990 tu, ukatambua haki ya watu wa asili kuwinda majira ya kuchipua na ya joto.

Katika kisa hiki swali la nafasi halionekani kabisa, na mateso ni yale yale. Kilichogombaniwa ni nani aliyehesabiwa wakati idadi ilipopangwa. Neno uungwana lilikuwa limemtenga mtu ambaye hakuwahi kuwinda kwa mchezo.

Upande wa pili kabisa wamesimama wasiokubali uwindaji wa bata wa namna yoyote kwa ajili ya burudani. Nchini Australia hoja yao ilishinda katika majimbo ya Western Australia mwaka 1990, New South Wales mwaka 1995 na Queensland mwaka 2005. Wanasema kwamba ikiwa ndege mmoja kati ya watano huachwa na majeraha, basi hakuna kanuni itakayoisafisha shughuli hiyo, na kuiita ya haki ni kuipamba. Jibu la wawindaji wa Marekani kwa kawaida ni la fedha: ile stempu, ambayo tangu 2015 inauzwa dola 25, imekusanya zaidi ya dola bilioni 1 na kuhifadhi mamilioni ya ekari za ardhioevu ambazo zingekaushwa. Ni jibu zito kwa swali la idadi. Kwa swali la mateso si jibu hata kidogo, na wanaolitoa wanapaswa kukiri hivyo.

Niliwahi kualikwa, bila bunduki, katika msitu uliofurika wa mashariki mwa Arkansas. Maji yalikuwa meusi katikati ya mialoni, na mwenyeji wangu alikuwa akiyapiga teke taratibu ili mawimbi yafanane na ya bata wanaokula. Alinionya nisiinue uso, kwa kuwa uso wa mtu hung'aa ukitazamwa kutoka juu. Kundi moja lilizunguka juu ya vilele mara tatu, na mara zote tatu alisema kwa sauti ya chini, "Bado." Mara ya nne hawakurudi. Baadaye walishuka wawili, akafyatua mara moja, na dume la kichwa kijani likaangukia nyuma ya miti iliyoanguka, bawa moja likipiga maji. Mbwa alikwenda, akarudi bila kitu, akatumwa tena. Tulitafuta chini ya kila gogo kwa muda wa karibu saa moja, makundi mengine yakipita juu yetu chini kabisa, mbawa zao zikisikika, naye hakuyainulia macho. Hatukumpata. Sheria ya taifa haimlazimu mtu kumhesabu ndege asiyemtia mkononi, na kikomo chake cha siku hiyo kilikuwa bata sita. Alipofika kwenye mtumbwi alitoa risasi zote kwenye bunduki, akazipanga ndani ya kisanduku chake, akachukua kijidaftari kilichofungwa kwa mpira, na chini ya tarehe akaandika moja.